Sura ya Sita: Herufi Tatu Daftarini

Katika wodi ya upasuaji ya wanaume, juu ya meza ya wauguzi, lilikuwapo daftari kubwa la jalada gumu, kurasa zake zimepigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu. Jina, umri, kijiji, siku ya kulazwa, ugonjwa, siku ya kutoka. Nilipitisha kidole kwenye safu ya ugonjwa nikaona herufi tatu zinajirudia mstari baada ya mstari: RTA. Ni kifupisho cha kidaktari cha ajali ya barabarani. Muuguzi aliyeziandika alikuwa na dripu ya kubadilisha na mama wa mtu analia mlangoni, na herufi tatu zilimtosha.

Mimi hazikunitosha. Karibu na dirisha alilala kijana wa miaka ishirini na kitu, mguu wake wa kulia umevutwa kwa kamba iliyopita juu ya gurudumu dogo na kuning'inizwa mfuko mzito. Daftari lilimwita RTA. Mwenyewe alinisimulia mengine. Hakuwa akiendesha; alikuwa abiria wa bodaboda, wa pili nyuma, amebanana na binamu yake. Ilikuwa baada ya magharibi, wametoka matangani. Mwenye pikipiki alikuwa na helmeti, wao wawili hawakuwa nayo. Mbele yao kwenye lami alikuwapo mtu wa baiskeli aliyebeba makuti, hana taa, na makuti yenyewe yametokeza pande zote mbili kama mabawa. Gari lililokuja kwa mbele lilikuwa limewasha taa kubwa.

"Hatukuona kitu, ndugu yangu," aliniambia. "Niliona mwanga, kisha nikaona dari ya hospitali."

Nilikaa naye muda wa kunywa kikombe cha chai, na katika muda huo yalitoka mambo yasiyopungua sita ambayo kila moja lingeweza kuzuiwa na mtu fulani, mahali fulani: mwenye gari, mwenye pikipiki, mwenye baiskeli, aliyejenga barabara bila njia ya pembeni, aliyeuza helmeti moja badala ya mbili, trafiki aliyewaona wakipita watatu akanyamaza. Daftari lilikuwa limeyameza yote. Na jambo lililomezwa na daftari halifiki kwa mhandisi, halifiki kwa polisi, halifiki kwa mwalimu anayefundisha madereva. Mwezi ujao litatokea tena palepale.

Watu wa Kilifi, hapa pwani yetu, wanajua hesabu inaweza kufanya nini. Mwaka 1989 taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na wakfu wa Wellcome Trust wa Uingereza walianzisha kituo cha utafiti katika hospitali ya Kilifi. Siku hizo mtoto aliyekakamaa na kugeuza macho alisemekana ameshikwa na nyuni au degedege, na safari ya kwanza ilikuwa kwa mganga. Watafiti wakaenda nyumba kwa nyumba, wakahesabu watoto, wakahesabu vifo. Mwaka 1993 vyandarua vilivyotiwa dawa vikagawiwa nusu ya vijiji vilivyochaguliwa kwa kura, vingine vikasubiri. Matokeo yalipochapishwa 1996, vifo vya watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi chini ya miaka mitano vilikuwa vimepungua kwa asilimia 33, na waliolazwa kwa malaria kali kwa asilimia 44. Leo chandarua ni kitu cha kawaida mpaka watu wanafugia kuku chini yake. Lakini kilikuja kwetu kwa njia hiyo: kwanza ikajulikana nani anakufa, wapi na kwa nini, kisha kikajaribiwa kitu kimoja na kupimwa kama kinafaa.

Tangu 2000 hesabu ile imekuwa ya kudumu. Eneo la kilomita za mraba 891, lenye zaidi ya watu 250,000, hutembelewa mara kwa mara kila mwaka kuandika aliyezaliwa, aliyehamia, aliyefariki. Na tangu 2008, mtu akifariki, mtumishi wa utafiti hufika nyumbani baada ya matanga, hupiga hodi, huketi na wafiwa na kuwauliza taratibu mambo yalivyokwenda hadi mwisho. Barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi inapita ndani ya eneo hilo. Kwa kifo cha malaria, wafiwa hujibu kwa kubahatisha: homa, kutapika, kuishiwa damu. Kwa kifo cha barabarani wanajua kila kitu. Wanajua saa, wanajua mti uliokuwa karibu, wanajua rangi ya gari. Sijui ushahidi mwingine wa afya ulio wazi kiasi hicho, nao tunauacha uishie kwenye mazungumzo ya jamvini.

Hesabu ya taifa ndipo pengo linapoonekana kwa ukubwa wake. Kwa mwaka 2016 Kenya iliripoti vifo 2,965 vya barabarani. Shirika la Afya Duniani, WHO, kwa mwaka huohuo lilikadiria vifo 13,463. Makadirio si hesabu ya majeneza, na mtu ana haki ya kuyahoji. Lakini tazama mambo yanavyokwenda hapa kwetu. Polisi huandika aliyekufa palepale, au aliyekufa kabla faili halijafungwa. Aliyekufa wodini siku ya tisa anaandikwa na hospitali, na hospitali na kituo cha polisi hazilinganishi vitabu vyao, ilhali kipimo cha kimataifa kinamhesabu kila anayekufa ndani ya siku 30. Aliyerudishwa nyumbani Ganze au Marafa na kukabidhiwa mtaalamu wa kuunga mifupa, akafa kwa kidonda kilichooza, haandikwi popote. Maiti ya Mwislamu huzikwa kabla jua halijatua, mara nyingine kabla trafiki hajamaliza kupima alama za matairi. Mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, ilitangaza vifo 4,748 kwa mwaka 2024. Hata tukishika hesabu hiyo ndogo, ni watu 13 kila siku, karibu matatu nzima iliyojaa.

Kwa ulimwengu mzima WHO imetaja vifo milioni 1.19 kwa mwaka 2021, na kusema kwamba hakuna kinachoua watu wengi zaidi wa umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko barabara. Si malaria, si UKIMWI.

Hapa sina budi kusema na lugha yenyewe. Neno ajali tulilichukua kwa Waarabu, na kwao ajal ni muda uliokadiriwa, siku ya mtu iliyoandikwa. Kwa hiyo Mswahili anapotamka ajali, amekwisha kutoa hukumu: siku yake ilifika. Juu ya hapo tukaweka methali, ajali haina kinga, na methali hiyo huipigia muhuri. Wenzetu wa Kiingereza walikuwa na shida kama hiyo; mwaka 2001 jarida la madaktari la BMJ liliamua kuacha kutumia neno lao la ajali kwa majeraha, kwa sababu linabeba maana ya jambo lisilotabirika, na majeraha mengi yanatabirika na kuzuilika.

Sisemi haya kumpinga anayeamini kifo kimeandikwa. Nami nimefundishwa hivyo chuoni tangu sijajua kufunga kikoi. Lakini nahodha wa Ngomeni anaamini kadari kuliko mimi, na bado hashushi chombo majini kabla hajakikalafati. Hajapata kusikika akisema tobo ni mapenzi ya Mungu. Lile tobo analijua liko ubao wa ngapi.

Ubao wetu wa kwanza ni kasi. Waliokuwa watu wazima kabla ya 1991 wanaikumbuka feri ya Kilifi, foleni upande wa Mnarani na upande wa mjini, korosho zikipitishwa madirishani. Daraja lilipofunguliwa mwaka huo lilikuwa neema, hasa kwa mgonjwa anayekimbizwa Mombasa. Lakini feri ilikuwa pia kituo cha lazima. Kila dereva alipumua. Baada ya hapo, kutoka Mtwapa hadi Malindi hakuna kilichomsimamisha dereva ila polisi na matuta.

Chukua mahali popote pa soko kando ya barabara hii: Tezo, Matsangoni, Gede kwenye njia panda ya Watamu. Mtoto wa shule anavuka. Sheria ya Kenya inataka kasi isizidi kilomita 50 kwa saa mahali pa makazi na soko, na 80 kwa magari ya abiria nje ya hapo. Dereva anapomwona mtoto, macho na akili vinachukua kama sekunde moja kabla ya mguu kufika kwenye breki. Kwa kasi ya 50, gari limekwenda mita 14 katika sekunde hiyo; breki nzima kwenye lami kavu zitalisimamisha baada ya mita 14 nyingine hivi. Jumla mita 28. Sasa mpe dereva huyohuyo, gari hilohilo, kasi ya 80. Sekunde ya kuona peke yake imekula mita 22. Mtoto akiwa mita 28 mbele, breki zimeshika kwa mita 6 tu, na gari linamfikia likiwa bado linakwenda zaidi ya 70. Katika hali ya kwanza mama anampiga mtoto kofi kwa kutoangalia barabara, jioni wanakula ugali. Katika hali ya pili hakuna hospitali duniani ya kumrudisha. Tofauti iko katika sindano ya kwenye dashibodi, na dereva wa pili hakujiona kama anakimbia.

WHO inalieleza jambo hili kwa ufupi: wastani wa kasi ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya mgongano wa kuua hupanda kwa asilimia 4. Ndiyo maana naheshimu tuta. Wenye magari wanalilaani, na matuta mengine yamejengwa vibaya kweli, bila rangi wala kibao, mpaka nayo yanaangusha bodaboda usiku. Lakini ukiuliza historia ya tuta, mara nyingi utaambiwa jina la mtoto. Alipogongwa, wanakijiji waliburuta magogo barabarani, wakachoma matairi, hawakuondoka mpaka serikali ilipoahidi. Hivyo ndivyo tunavyofanya utafiti wa usalama barabarani: kwa jeneza. Huko Ghana, kwenye njia panda ya Suhum katika barabara kuu ya Accra hadi Kumasi, waliweka mistari ya kutingisha gari kisha wakapima. Migongano ilipungua kwa asilimia 35 hivi, vifo kwa asilimia 55, majeraha makubwa kwa asilimia 76. Mistari ya lami iliyoinuka kidogo, ya bei ndogo kuliko gari moja la polisi.

Nalisema hili kwa sababu Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara ya pwani inayotuunganisha na Tanzania, na kipande cha Mombasa hadi Kilifi kikaingia kwenye upanuzi. Barabara pana inampendeza mwenye gari. Anayevuka kwa miguu imemwongezea hatua. Mhandisi aliyefundishwa vizuri hukagua mchoro kabla katapila halijawashwa, akiuliza maswali ya mama muuza mabuyu: nitavukia wapi na ndoo kichwani, baiskeli ya mnazi itapita wapi alfajiri, matatu itasimama wapi bila kunikanyaga. Mafunzo ya namna hiyo kwa wahandisi yanaokoa watu wengi kwa mara moja, kwa sababu kosa la mchoro humgonga mtu kila mwaka, na mchoro sahihi hulinda hata mjukuu wa dereva mzembe.

Machi 2021, katika barabara hii ya kwetu, basi na matatu ziligongana na watu zaidi ya 10 wakafa. Miaka miwili baadaye, Machi 2023, basi la Chuo Kikuu cha Pwani lililokuwa likipeleka wanafunzi michezoni Eldoret liligongana na matatu Kayole, karibu na Naivasha, na vifo havikupungua 14. Kilifi ililia wiki nzima. Baada ya misiba ya aina hiyo huja sauti moja: madereva wafundishwe upya. Najua sauti hiyo inatoka moyoni. Lakini walipokusanywa na kupimwa pamoja majaribio ya kuwapa madereva wenye leseni masomo ya ziada, katika mapitio ya Cochrane ya 2003, haukupatikana ushahidi kwamba masomo hayo yanazuia majeraha. Dereva hutoka darasani akijua sheria ambayo hata kabla aliijua. Kinachomkimbiza ni hesabu ya jioni, pesa za mwenye gari, na makanga anayegonga bati.

Je, nani mwingine yumo ndani ya matatu? Swali hilo walijiuliza wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack. Mwaka 2008 walibandika stika ndani ya matatu za masafa marefu nchini Kenya, matatu zikichaguliwa kwa kura kama vile vijiji vya vyandarua Kilifi. Stika zilimwambia abiria asikae kimya gari linapoendeshwa vibaya. Walipochapisha matokeo 2011, madai ya bima ya matatu zenye stika yalikuwa yamepungua kwa nusu hadi thuluthi mbili. Jaribio likarudiwa kwa maelfu ya magari, na bahati nasibu ya kila wiki kwa dereva aliyezitunza stika zake. Matokeo ya 2015 yalionyesha madai yamepungua kati ya robo na thuluthi. Upungufu mdogo kuliko wa kwanza, lakini kwa karatasi yenye gundi, sijui dawa ya bei hiyo inayofanya kazi hivyo.

Kampeni ikaitwa Zusha. Kwa sikio la Mswahili wa pwani neno lina walakini. Kwetu mzushi ni mtu wa kutunga uongo na kuchokoza mambo. Mama wa Malindi aliyelelewa vizuri hatazusha kitu ndani ya gari la watu. Lakini nimewasikia mama hao wakifanya kazi ileile kwa neno lao wenyewe. "Baba, taratibu, tumeacha watoto." Dereva akijifanya hasikii, wa nyuma anapokea: "Mwanangu, hatuna haraka ya kwenda kaburini." Wakishafika watatu, mguu unalegea. Ningependa mtafiti mmoja wa pale Chuo Kikuu cha Pwani ayapime maneno haya ya pwani kama yale ya stika yalivyopimwa, maana abiria wa Mambrui hakemei kwa namna ya abiria wa Kariobangi.

Na wanaokufa zaidi ni hao wasioshika usukani. Profesa Wilson Odero na wenzake, akiwamo Meleckidzedeck Khayesi, walipoipitia hali ya Kenya kwenye makala ya 2003, waliona kwamba waenda kwa miguu na abiria walikuwa asilimia 80 ya waliokufa. Tangu hapo pikipiki zimefurika. Bodaboda imetuletea kazi, imefikisha mjamzito zahanati usiku wa manane, na imejaza wodi za mifupa.

Helmeti ina historia ambayo kila mwendesha bodaboda angestahili kuisikia. Mei 1935, Mwingereza T. E. Lawrence, yule aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki, aliwakwepa vijana wawili wa baiskeli akaanguka na pikipiki yake. Alikaa siku sita bila fahamu akafa. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Kifo kile kilimkaa rohoni. Vita Kuu vya Pili vya Dunia vilipoanza, akaanza kuhesabu wanajeshi waliokuwa wakipeleka barua kwa pikipiki, na 1941 akaandika kwamba wengi wanakufa kwa majeraha ya kichwa ambayo helmeti ingeyapunguza. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likaamuru wapanda pikipiki wake wavae helmeti. Raia wa kawaida wakangoja sheria hadi 1973. Kutoka kwenye ushahidi hadi kwenye sheria, miaka 32.

Sheria ya Kenya haikutungoja hivyo. Inamtaka mwenye bodaboda awe na helmeti yake na ya abiria. Shida yetu iko kwenye kichwa chenyewe. Ichukue helmeti mkononi. Ganda la nje ni la kuteleza na kusambaza pigo. Ndani yake kuna povu gumu, na hilo povu ndilo linalokufa kwa niaba yako: linabonyea mara moja, likila nguvu ambayo ingekula fuvu. Helmeti iliyokwisha kuanguka na mtu imemaliza kazi, hata kama inang'aa, na ya bei ya chini kule sokoni unaweza kuibonyeza ndani ukakuta sponji la godoro. Kamba isipofungwa kidevuni, inaruka kabla ya kichwa kufika chini. Sasa muulize abiria wa Malindi, saa nane mchana wa Februari, avae helmeti iliyotoka kichwani mwa watu kumi. Mwanamke ana mtandio, nywele amesukwa jana. Buibui amelikunja mapajani, anakaa upande kwa heshima, na pindo linacheza karibu na mnyororo. Nimesikia maafisa wakiita hali hii ukaidi. Mimi nakataa. Mwanamke huyu akipewa kitambaa chepesi cha kuvaa ndani, na pikipiki ikawekwa kinga ya mnyororo na gurudumu, utamwona anavaa. Utafiti wa helmeti uliofanyika Thika, au Hanoi, haujui buibui.

Mafunzo ninayoyatetea kwa moyo wote ni ya wale wanaofika wa kwanza. Nilishuhudia mara moja, si mbali na Mida, pale msitu wa Arabuko unapoikaribia barabara. Pikipiki ililala mchangani, mtu amelala mbali nayo. Watu walitoka kila upande, na ubora wa nia zao sitausahau. Vijana wanne walimnyanyua, kila mmoja ameshika kiungo, kichwa kinaning'inia nyuma.

"Mbebeni, mbebeni, anakufa huyu!"

"Wanangu, msimvute hivyo," mzee mmoja alisema, fimbo yake imeinuliwa. "Mtamvunja shingo."

Hakuna aliyemsikia. Walimkunja nyuma ya tuktuk kama gunia la mkaa, wakaondoka mbio. Mzee alikuwa na haki, na hakuwa na sauti.

Kule Ghana, mtafiti Charles Mock na wenzake waliwafundisha huduma ya kwanza madereva 335 wa magari ya biashara, kozi fupi ya saa chache, kwa sababu waliona ndio wanaobeba majeruhi wengi. Walipowatafuta baadaye, asilimia 61 ya waliopatikana walikuwa wamekwisha kumhudumia mtu. Kampala walifanya hivyo 2008 kwa watu 307: polisi, madereva wa teksi, viongozi wa mitaa. Mambo yenyewe yanafundishika chini ya mwembe. Fungua njia ya pumzi. Kandamiza panapotoka damu, usiachie. Mgeuze mwili mzima pamoja, kichwa kikifuata kiwiliwili kama gogo. Mguu uliovunjika usiunyooshe; ufunge ulivyo. Pwani yetu haina haja ya kungoja vifaa kutoka ng'ambo. Leso ikikunjwa mara nne inatosha kuzuia damu, na nyingine inafunga. Pongoo mbili za mnazi, zikiondolewa makali, zinashika mguu mpaka Kilifi. Stendi za bodaboda zina wenyeviti na daftari la michango. Darasa limekwisha kuundwa, limekosa mwalimu.

Kisha ndipo hospitali. Kozi ya siku mbili ya kuhudumia majeruhi, iitwayo Primary Trauma Care, imeenea Afrika Mashariki kwa kazi ya chuo cha wapasuaji wa ukanda huu, COSECSA, na wenzao wa Oxford, ambao mradi wao ulianza 2012. Inamfundisha muuguzi na daktari mchanga waanze na kinachoua upesi. Kwa upande wa kuandika, jibu lilitoka Uganda, kwa Dkt. Olive Kobusingye. Yeye na wenzake wa kituo cha kuzuia majeraha mjini Kampala, katika miaka ya 1990, walitengeneza kipimo cha mambo matano: umri wa majeruhi, shinikizo la damu, pumzi kwa dakika, kiwango cha fahamu, idadi ya majeraha makubwa. Hakuna maabara, hakuna mashine. Kikaitwa Kampala Trauma Score, na hospitali za mabara mengine zikakichukua. Wakakiambatanisha na karatasi moja ya kujaza: alikuwa nani barabarani, alipanda nini, aligongwa na nini, wapi. Muuguzi wa zamu anaimaliza kabla chai haijapoa. Kwa karatasi hizo unaweza kuchora ramani, na kwenye ramani ya mwaka mmoja ungeona barabara yetu inavuja damu kwenye vipande vichache, vilevile kila mwezi.

Nilirudi mahali alipopataja yule kijana wa dirishani. Ilikuwa saa moja kasoro, giza linashuka kama linavyoshuka kwetu, ghafla. Pembeni mwa lami kuna mteremko wa mchanga; baiskeli haiwezi kupita humo. Nilihesabu taa za magari yakitokea kwenye kona. Akaja mtu wa baiskeli, makuti yamelazwa mkingamo nyuma yake, anakanyaga polepole kwa kupanda. Kwenye ncha ya makuti, upande wa barabarani, alikuwa amefunga kipande cha koti la riflekta lililochakaa. Lori lilitokea upande wa Gede. Kile kitambaa kikawaka, lori likapunguza mwendo, likampisha.